Tawi la Mateus

Wiki ile Idalina akipita njiani na ufunguo wa sakristia mkononi, wanawake wa Lombinha walikuwa wakifunga madirisha. Hawakuyafunga kwa kishindo, maana ni watu wenye adabu zao. Waliyavuta taratibu tu, kama mtu aliyehisi baridi, kisha wakasimama nyuma ya pazia wamtazame anaelekea wapi. Na yeye alijua. Kijiji chenye nyumba arobaini na tatu hakina siri, kina majirani, na majirani wanatosha.

Walichokuwa wakikiogopa ni daftari. Lilikuwa daftari la shule lenye jalada la buluu, la kawaida kabisa, lakini ndani yake Idalina alikuwa akiandika majina ya watu walio hai, na aliyeandikwa humo ndiyo basi tena, ameandikwa.

Tuseme mambo yalivyo. Katika kisiwa chetu cha Flores, mbali baharini, na hasa huku kwetu magharibi, kuna watu ambao wakikaribia miaka arobaini miguu huanza kuwasaliti. Kwanza wanajikwaa pasipo na jiwe. Kisha wanatembea wametanua miguu, wakiyumba huku na huku, utafikiri wameshinda kwenye pipa la mvinyo, kumbe hawajaonja hata tone. Halafu ulimi unakuwa mzito, halafu kiti, halafu kitanda, na muda wote huo akili ni timamu, inaona kila kitu. Mababu zetu waliwaita Walevi Wakavu, na mababu hao hao wakacheka. Mwenye akili hacheki. Ugonjwa wenyewe hutoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, nusu kwa nusu: huyu unampata, yule unamwacha, na aliyeachwa hawezi kumrithisha mwanawe. Dawa hauna. Mwaka huo wa 1977 hata kipimo cha kumwambia mtu mapema hakikuwepo. Kulikuwa na vitabu vya kanisa tu.

Basi mwezi wa tano akaja daktari kutoka bara, mama mmoja wa makamo, mpole, mwenye viatu visivyofaa kwa tope letu. Akakaa siku mbili, akawaona wagonjwa saba, akamwomba Padre Serafim amtafutie ukoo huu ulianzia wapi na umefika hadi kwa nani. Angerudi na meli ya mwezi wa saba, Alhamisi ya pili, awaite ukumbini wote waliomo kwenye orodha, awapime mwendo. Padre Serafim akakubali, na hapo ndipo kichekesho kilipo, kwa kuwa Padre ana mtoto wa jicho macho yote mawili na hata misa anaisoma kwa kichwa. Aliyebebeshwa kazi hiyo bila kuulizwa ni Idalina.

Hakukuwa na mwingine. Idalina alikuwa mjane wa miaka thelathini na tisa, aliyefua vitambaa vya altare kwa miaka kumi na mitano, na katika miaka hiyo alijifundisha mwenyewe kusoma mwandiko wa mapadre wa kale. Watu wetu walioko Amerika wakiandika kuuliza babu zao walikuwa akina nani, Padre alimpa yeye barua, naye akafungua kabati, akatafuta, akajibu. Alikuwa na utaratibu wake: kila mtu lazima apatikane kwenye vitabu vitatu, cha ubatizo, cha ndoa na cha mazishi, na baada ya hapo anathibitishwa kwenye orodha za Kwaresima. Orodha hizo zilikuwa daftari za padre aliyepita nyumba hadi nyumba kila mwaka kabla ya Pasaka, akaandika nani anaishi humo, ana miaka mingapi, ameungama au bado. Idalina alizipenda kuliko vitabu vyote. Humo alimwona mtu akiungama kanisani mwaka baada ya mwaka, hadi unafika mwaka padre anaandika pembeni: *ameungamia nyumbani, hatembei*. Akishaona maneno hayo, alijua ugonjwa umepita mlango ule.

Kwa njia hiyo aliwapandisha wagonjwa saba mpaka kwa mtu mmoja, Manuel Trigueiro wa Kilimani, aliyezikwa 1869. Kisha akaanza kushuka, tawi kwa tawi, kuja kwa walio hai. Na kila aliposhuka, dirisha lingine lilifungwa.

Palmira alikuja Jumamosi. Alipitia mlango wa jikoni bila kubisha, kama desturi yake, kwani nyumba zao zinatenganishwa na ukuta wa mawe tu, na yeye ndiye mama wa ubatizo wa Celeste, binti pekee wa Idalina. Alimkuta anamenya magimbi. Akakaa, akauliza habari za kuku, akauliza habari za ukungu, mpaka maneno ya kuzungukia yakamwishia.

"Umeshaniandika?"

"Nimekuandika."

Palmira akaitikia kwa kichwa. Hilo alilitegemea. Mama yake mzazi aliyumba miaka kumi na miwili mbele ya kijiji kizima, akafa kitandani hawezi hata kusema maji. Palmira mwenyewe alikuwa na miaka arobaini na minne, na kila asubuhi akishuka kitandani alikuwa akisubiri kidogo kabla ya kuinua mguu.

"Na mwanangu Lucas?"

Idalina akaendelea kumenya.

"Mimi niandike hata mara mbili ukitaka," Palmira akasema. "Lucas mwache. Wakwe zake kule mjini Santa Cruz hawajui, na harusi ni Septemba. Siku ile wakimwita ukumbini atembee mbele ya watu, wataletewa habari kabla hajafika kiti chake."

Idalina alimhurumia, tena sana. Lakini alikuwa na ule ugumu wa mtu anayefanya kazi safi, na alimjibu kwamba vitabu si vyake. Mtoto aliye chini ya jina la mzazi anaandikwa pamoja naye. Akimwacha Lucas leo, kesho atamwacha nani?

"Kesho utamwacha Celeste," Palmira akasema polepole.

Kisu kikasimama. "Celeste hayumo."

"Babu yako Mateus na bibi yangu Delfina walizaliwa nyumba moja, mwenzangu. Walikula chungu kimoja."

"Baba mmoja, mama mbalimbali."

Na akamweleza, kwa sauti ya mtu aliyeshiba anayemweleza mwenye njaa. Baba yao, José Lourenço, alioa mara mbili. Mke wa kwanza alikuwa Mariana, mtu wa kijiji cha pili, damu safi, akafariki. Wa pili ndiye Rosa, binti wa Manuel Trigueiro wa Kilimani, na huyo ndiye aliyeuleta ugonjwa ndani ya nyumba. Delfina alikuwa mtoto wa Rosa. Mateus alikuwa wa Mariana. Idalina aliuona ukurasa kwa macho yake: Machi 1871, Mateus, mwana halali wa José Lourenço na Mariana mkewe. Aliuona mwezi wa tano, siku ile ile ya kwanza, kabla hajatafuta jina la mtu mwingine yeyote, na alikuwa ameubusu.

Palmira akasikiliza mpaka mwisho, akainuka, akajifuta mikono ingawa hakushika kitu. "Basi Mungu azidi kukupenda," akasema, akaenda zake. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Hakuutaja, lakini ulibaki pale jikoni pamoja na maganda ya magimbi.

Jumatatu ukungu ulishuka hadi kwenye kengele. Idalina alijifungia sakristia amalizie tawi la Delfina, apate kuwaweka sawa Palmira na Lucas bila kosa. Alitaka mwaka wa kuzaliwa wa Delfina, akachukua orodha ya Kwaresima ya 1882. Nyumba ya kumi na saba. José Lourenço, miaka arobaini na mmoja. Rosa, mkewe, thelathini na mmoja. Delfina, mitano. Vizuri. Akanakili. Jicho lake lilikuwa limeshainuka lilipokumbuka mstari wa katikati, likarudi.

Mateus, miaka minane.

Akahesabu kwa vidole, mtu mzima na akili zake. Aliyebatizwa Machi 1871 angekuwa na miaka kumi na mmoja. Akahesabu tena kuanzia juu, kisha kuanzia chini, na kila mara mtoto akabaki na minane.

Akajiambia, mapadre wa zamani walikuwa wakikosea miaka ya watu kila siku, wengine waliandika wakiwa wamesimama mlangoni mvua inawapiga, wengine walishapewa glasi nne kabla ya kufika nyumba ya kumi na saba. Ni kweli. Alishaona makosa ya namna hiyo mara mia. Lakini kila alipoyaona alivuta kitabu cha mazishi akahakikisha, na safari hii kitabu kilikuwa pale kwenye rafu, umbali wa mkono, na mkono haukwenda. Alifunga orodha, akafunga kabati, akafunga mlango, akarudi nyumbani saa tano ya asubuhi akisema anaumwa kichwa.

Nyumbani hakuweza kukaa. Alipanga vikombe, akaviangalia vidole vyake vinavyopanga. Wiki mbili nyuma alikuwa ameangusha bakuli. Kabla ya Pasaka alijikwaa kwenye ngazi ya kanisa, akacheka pamoja na wenzake. Mtu yeyote huangusha bakuli. Akasimama mwanzo wa ubao mrefu wa sakafu ya jikoni, akaanza kutembea juu yake, kisigino mbele ya kidole, kisigino mbele ya kidole, kama alivyomwona daktari akiwatembeza wagonjwa. Alifika ukutani. Akageuka. Akaogopa kwamba amefika kwa sababu amejikaza, akarudia bila kujikaza, kisha hakujua tena kutembea bila kujikaza kukoje.

"Mama, unacheza nini?"

Celeste alikuwa mlangoni na ndoo ya maziwa, anacheka. Ana miaka kumi na saba, mrefu kama marehemu baba yake, na Oktoba alikuwa aende kisiwa cha Terceira kusomea ualimu. Idalina akamwambia ubao umelegea, anaujaribu. Celeste akatua ndoo, akaupita ubao wote mbio mbio na viatu vyake vya mpira, akaurukarukia mwishoni, akasema mbona uko imara. Idalina aligeukia jiko asionekane uso.

Jumanne alikwenda mapema. Hakukaa. Alivuta kitabu cha mazishi cha 1871 akakifungua akiwa amesimama, na kwa muda hakukuwa na kitu, Januari hadi Oktoba wazee watupu na baharia mmoja, hata moyo ukaanza kumrudia. Lakini tarehe kumi na moja Novemba ilikuwa ikimngoja chini ya ukurasa. *Mateus, malaika, wa miezi minane, mwana wa José Lourenço na Mariana mkewe.*

Sasa, kwetu hakuna asiyeijua desturi hii. Mtoto akifa, anayezaliwa baada yake hupewa jina lake, ili jina lisibaki kaburini peke yake. Kuna nyumba ina akina Antónia watatu na ni mmoja tu aliyeota meno. Idalina mwenyewe alikuwa akiwaandikia watu wa Amerika, tena kwa ukali kidogo: usimshike mtu kwa ubatizo peke yake, tazama mazishi kwanza, huenda umemshika ndugu yake marehemu. Alishawacheka kwa kosa hilo. Na yeye, kwa babu yake mwenyewe, alisoma kitabu kimoja, akabusu ukurasa, akafunga. Hakudanganywa na mtu. Alipata alichokitaka, akaacha kutafuta.

Yaliyobaki aliyatafuta moja baada ya jingine. Mariana, mazishi, Machi 1872. José Lourenço, mjane, na Rosa wa Kilimani, ndoa, Februari 1873. Na Januari 1874, kwa mwandiko mzuri uliopangika, usio na doa hata moja: Mateus, mwana halali wa José Lourenço na Rosa mkewe. Huyo wa pili ndiye aliyekua. Ndiye aliyeoa, akapata binti mmoja, Leonor, akapanda meli kwenda Amerika akiwa na miaka ishirini na tisa, barua zikakoma, asionekane akitembea na miaka arobaini. Leonor naye alifariki akimzaa Idalina, ana miaka thelathini na mitano. Nyumba nzima walikuwa wamesema ni balaa, babu kupotea na mama kufa kijana. Idalina akaona sasa kwamba kwa sababu hiyo tu hakuna aliyewahi kuwaona wakiyumba. Kati ya Rosa na yeye hapakuwa na mtu aliyeishi vya kutosha kumwambia ndiyo au hapana. Machi angetimiza arobaini.

Aliketi sakafuni chini ya kanzu za wahudumu wa misa. Hakulia. Woga wa kweli hauna machozi, unakausha kinywa tu.

Padre Serafim alimkuta hapo, akamtambua kwa pumzi. Idalina akamwambia yote, mfululizo, miaka na kurasa, kama anayeungama dhambi za mwingine. Mzee akashika ukingo wa kabati. Kisha akasema jambo ambalo Idalina angependa asingelisikia.

"Daktari hawezi kusoma mwandiko ule, mwanangu. Mimi sioni. Kwa hiyo anayejua ni wewe na Mungu, na Mungu hajaombwa kuandika."

"Padre unaniambia nifiche?"

"Nakuambia hakuna atakayekulazimisha. Ningekuwa na macho ningeandika mimi, ukanichukia mimi. Nisamehe." Akapapasa mlango, akatoka.

Alikuwa amemwachia mlango wazi, na mlango huo ndio uliomtesa. Jumanne nzima na Jumatano nzima alikuwa ameamua kunyamaza, kisha ameamua kusema, kisha kunyamaza. Akinyamaza, Celeste anakwenda Terceira na moyo mweupe, anaolewa, anazaa, na pengine ugonjwa haumo kabisa, nusu kwa nusu, nusu ya nusu. Lakini siku moja mtoto anaangusha bakuli, na hakuna aliyemwambia. Akisema, anamtia mwanawe jikoni pale pale alipokuwa yeye, akitembea juu ya ubao maisha yake yote. Na Lucas alikuwa kwenye daftari kwa wino. Ndilo lililomchoma. Angeweza kumfuta Lucas pia, akawafuta wote, akalitupa daftari jikoni kwenye moto. Lakini kuna watoto ishirini na sita humo. Na daktari aliwahi kumwambia kwamba bila majina yote dawa haitatafutwa, maana hata haitajulikana inatafutwa kwa ajili ya nani.

Jumatano jioni, jua bado liko juu ya bahari, aliandaa supu ya kabichi na soseji, akakaa mkabala na binti yake, akaanza. Akasema, "Celeste, babu yangu Mateus..." na Celeste akainua macho, mdomo umejaa mkate wa mahindi, akamsubiri. Hakumsubiri kwa hofu hata kidogo. Idalina akamaliza kwa kusema babu alikuwa akipenda supu ya namna hii. Celeste akauliza alijuaje, ilhali hawakuwahi kuonana. Wakacheka, mmoja wao kwa uongo. Baada ya chakula Idalina alichukua daftari, akaandika mstari mmoja, jina moja, lake. Chini yake akaacha wazi. Akajiambia atamwambia mtoto kwanza, kesho, baada ya yote kwisha, kisha ataandika.

Daktari alishuka Alhamisi na meli ya saa tatu. Alipokelewa katika ukumbi wa Roho Mtakatifu, pale tunapogawiana nyama na mkate siku ya sikukuu, na taji la fedha linalovaliwa siku hiyo lilikuwa kwenye kabati lake kama kawaida. Mabenchi yalisogezwa ukutani. Katikati ya sakafu daktari alibandika utepe mweupe wa hatua kumi. Idalina alikaa mezani kando yake kusoma majina. Wanawake wa kijiji walikuwa wamegawana kazi, wengine mikate, wengine kahawa, na Celeste alikuwa jiko la nyuma akiosha vikombe, kwani hakuna aliyemkataza kuja na Idalina hakupata sababu ya kumkataza.

Akasoma. Mtu anaitwa, anasimama, daktari anamuuliza umri, anamuuliza watoto na majina yao, anayaandika, kisha anamwomba avue viatu atembee juu ya utepe. Ukumbi mzima ulikuwa ukitazama miguu. Watu ambao jana walisalimiana barabarani walikuwa wakihesabu hatua za wenzao, nao wakaogopa zamu yao ikija watahesabiwa vivyo hivyo. Mzee Gaspar alitoka nje ya utepe hatua ya tatu, akasema ni magoti. Daktari akamwambia ndiyo, Mzee, magoti, akaandika.

Palmira alitembea vizuri mpaka hatua ya saba. Ya nane mguu ulitafuta sakafu kabla ya kuipata. Lilikuwa jambo dogo sana, lakini ukumbi ulivuta pumzi kwa pamoja, naye akasikia. Alimaliza hatua mbili zilizobaki akiwa amemtazama Idalina usoni, si kwa chuki, afadhali ingekuwa chuki. Lucas alifuata, kijana wa miaka ishirini na miwili, masikio mekundu, akatembea kama askari. Aliporudi hakwenda kukaa na mama yake. Alisimama mlangoni akitazama barabara ya Santa Cruz.

Kurasa zikaisha, ikabaki moja. Idalina angeweza kulifunga daftari hapo hapo akasema basi, ni hao tu. Daktari alikuwa tayari anafunga kalamu.

"Tawi la Mateus," akasoma.

Mtu mmoja akakohoa. Palmira akainua kichwa.

"Idalina Lourenço da Silveira," akasoma.

Daktari alidhani amekosea mstari. Akamtazama, akatazama daftari, kisha akaelewa, na upole ukamjaa usoni hata Idalina akatamani angekuwa mkali. Kalamu ikafunguliwa tena. Kwenye mabenchi watu wale wale waliofunga madirisha walikuwa wameinama mbele.

"Umri?"

"Thelathini na tisa."

"Una watoto?"

Idalina akatazama nafasi nyeupe chini ya jina lake. Alikuwa na jibu tayari, alilikariri usiku kucha: ninaye, lakini nipe mpaka kesho, sijamwambia bado. Ni maneno machache. Daktari angekubali, ni mtu mwelewa. Lakini Palmira alikuwa pale, na Lucas mlangoni mgongo umegeuzwa, na yeye ndiye aliyewaandika bila kuwapa mpaka kesho.

"Mmoja," akasema.

"Jina lake?"

Akafungua mdomo, sauti haikuja. Akajaribu tena, akalisukuma jina kwa nguvu zake zote, likatoka kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, likavuka ukumbi mpaka nyuma.

"Celeste."

"Naam, Mama," akaitika kutoka jikoni.

Akadhani anaitwa. Akaweka kikombe alichokuwa akikiosha, akajifuta mikono kwenye aproni, akasukuma mlango kwa bega, na kwa kuwa mabenchi yalikuwa yamejaa pande zote, akakatisha katikati ya sakafu, juu ya utepe mweupe, akija kwa mama yake huku akitabasamu kuuliza anatakiwa nini. Hakujua kwa nini kila mtu amenyamaza. Daktari alikuwa ameinua kalamu. Palmira alikuwa amejishika mdomo. Na Idalina, aliyemfundisha mtoto huyo kutembea, akimshikilia mikono yote miwili hadi alipoweza kumwachia, hakumtazama usoni. Alikuwa akimtazama miguu.